YAKUTI YA ARDHINI NA YAKUTI YA MOTONI

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Bwenini

Wengi wetu hudhani ya kuwa elimu ya fizikia na kemia huishia mlangoni mwa maabara. Hata mimi nalidhani hivyo, mpaka jiwe moja dogo liliponifundisha mengine. Nataka kulieleza jambo hili kwa taratibu, ili kila asomaye aweze kuyajaribu mwenyewe, kwani vyombo vyake si ghali na karibu vyote vyapatikana hapa hapa Unguja.

Bibi yangu alikuwa na pete ya dhahabu yenye jiwe jekundu, ukubwa wake kama punje ya mbaazi. Alipewa na mama yake siku ya harusi, na huyo mama naye alipewa katika miaka ya 1940. Nyumbani kwetu jiwe hilo likiitwa yakuti, wala hakuna aliyeuliza zaidi. Mvua za masika zilipokuja, dari ya ghorofa ya juu ilianza kuvuja, na fundi alipopanda akakuta boriti tatu zimeoza. Tangu tarehe 25 Desemba 2020, siku ilipoporomoka sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib pale Forodhani na watu wawili wakafa, hakuna mkaazi wa Mji Mkongwe anayeidharau boriti iliyooza. Bibi akasema, "Pete haimfuniki mtu mvua. Iuzwe."

Akajitokeza mtu wa kuinunua, tena kwa bei ya yakuti iliyochimbwa ardhini. Sonara mzee, jirani yetu, alipoulizwa alisema kuwa dhahabu ile yeye aijua, ila jiwe hawezi kuliapia. Ami yangu akaona tusilichokonoe jambo, kwa kuwa mnunuzi ameridhika na mvua haingoji. Bibi akakataa. "Siuzi nisichokijua," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe huko shule wasoma sayansi. Kazi yake nini?"

Basi sonara akalitoa jiwe katika pete mbele ya Bibi, nami nikalichukua shuleni, na Mwalimu wetu wa fizikia akalifungia katika kabati la maabara. Bibi alikuwa ameniagiza neno moja tu: "Niletee habari kama ilivyo, tamu ama chungu."

YAKUTI NI NINI?

Yakuti ni alumini na oksijeni, basi. Kwa kila atomu mbili za alumini pana atomu tatu za oksijeni, na kitu hicho huitwa oksidi ya alumini. Sufuria ya alumini unayoijua jikoni imevikwa ngozi nyembamba mno ya oksidi hiyo hiyo, nayo ndiyo inayoikinga isiendelee kuliwa na hewa. Kwa hiyo asili ya yakuti imo katika kila nyumba, hata ya maskini.

Tofauti iko katika mpango wa atomu. Unga wa oksidi ya alumini ni mweupe kama chokaa, kwa sababu ni vijipande visivyo na hesabu vilivyoelekea kila upande, na nuru ikiingia hurushwa huku na huku. Lakini atomu zote zikipangika safu kwa safu, toka upande huu wa jiwe mpaka upande wa pili, kama sisi tunavyosimama kwenye gwaride la asubuhi, bila ya safu kupinda wala kukatika, hapo hupatikana fuwele moja nzima. Nuru hupita ndani yake wazi kama katika maji. Fuwele hiyo ikiwa safi kabisa haina rangi. Ikiingia kromiamu kidogo, kiasi cha atomu moja mahali pa alumini mia, jiwe huwa jekundu. Ikiingia titani pamoja na chuma, huwa la buluu, nayo ndiyo yakuti samawi.

Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, na yakuti haizaliwi hapa. Tanzania Bara zipo: Longido, Mahenge, bonde la mto Umba, na Winza katika Mkoa wa Dodoma palipovuma kwa yakuti nyekundu mwaka 2008. Hizo zilifanyika chini kabisa ya ardhi, kwa joto na mgandamizo mkubwa, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Na ziko yakuti nyingine zilizofanyika kiwandani kwa muda wa saa chache. Atomu zake ni zile zile na mpango wake ni ule ule. Kwa hiyo mtu aliyeshika jiwe jekundu ana maswali mawili. La kwanza, hii ni yakuti kweli, au ni kioo au jiwe jingine? La pili, kama ni yakuti, imetoka ardhini au imetoka motoni? Swali la kwanza ni jepesi. La pili ndilo lililonikosesha usingizi.

FUWELE YA SHABU

Kabla ya kuniruhusu kulipima jiwe, Mwalimu alinitaka nioteshe fuwele kwa mkono wangu, akisema asiyejua mti unavyokua hawezi kuusoma ukishakatwa. Nikanunua shabu Darajani, ile ambayo vinyozi huwapaka watu wakisha kunyolewa ndevu. Nikaitia katika maji ya moto kidogo kidogo mpaka ikawa haiyeyuki tena, nikayachuja maji kwa kitambaa, nikayaacha yapoe. Kesho yake chini ya chupa pamekuwa na vifuwele vidogo. Nikachagua kimoja kizuri, nikakifunga uzi, nikakining'iniza katika maji yale yale ya shabu yaliyokwisha poa, nikafunika kwa karatasi ili vumbi lisiingie.

Kosa langu lilikuwa kuiweka chupa dirishani bwenini. Siku ya tatu jua lilipiga chupa mpaka adhuhuri, na niliporudi kutoka darasani nikakuta fuwele imepungua na ncha zake zimekuwa butu. Sababu yake ni kwamba maji yakipata joto huweza kubeba shabu zaidi, basi huichukua tena kutoka kwenye fuwele. Nikaihamishia chini ya ngazi, mahali penye ubaridi usiobadilika. Baada ya siku 16 nilikuwa na fuwele yenye nyuso nane, upana wake kama ukucha wa kidole gumba. Hapo nikafahamu mambo mawili. Fuwele hukua kwa kuongezewa tabaka juu ya tabaka, na kila kilichoipata wakati wa kukua hubaki kimeandikwa ndani yake.

Nimeieleza habari ya shabu kwa sababu yakuti ya motoni nayo huanzia hapo.

BWANA VERNEUIL NA ULIMI WA MOTO

Katika karne ya 19 wataalamu wengi wa Ulaya walitaka kutengeneza yakuti. Tatizo lao kubwa lilikuwa chungu. Oksidi ya alumini huyeyuka kwa joto la digrii 2,050 hivi za sentigredi. Chuma huyeyuka kabla ya kufika huko. Sasa utaipika katika chombo gani?

Aliyelitatua jambo hili ni Mfaransa, Auguste Verneuil, aliyekuwa mwanafunzi wa Profesa Edmond Frémy mjini Paris. Mwaka 1891 na 1892 aliweka maelezo ya kazi yake, yakiwa yamefungwa kwa lakiri, katika Akademia ya Sayansi ya Paris, na mwaka 1902 akaitangaza kwa watu wote. Jawabu lake lilikuwa jepesi la ajabu: usitumie chungu.

Kwanza alichukua shabu safi ya aina yenye amonia, akaitia shabu ya kromiamu kidogo, akaichoma. Maji yalitoka, gesi zikatoka, ukabaki unga laini wa oksidi ya alumini wenye kromiamu ndani yake. Unga huo aliutia katika kikopo chenye chekecheo chini yake, na juu yake pana nyundo ndogo inayokigonga kikopo pole pole. Kila ikigonga, unga kidogo hudondoka pamoja na oksijeni iendayo chini. Mbele yake oksijeni hukutana na hidrojeni, na hapo ndipo penye ulimi wa moto mkali upitao digrii 2,000. Unga hupita motoni, huyeyuka, na vitone vyake hutua juu ya kijiti cha udongo usioungua.

Atakaye kupata mfano wake na aingie katika pango la mawe ya chokaa, aone jinsi matone yatokayo juu yanavyojenga nguzo ya jiwe kutoka sakafuni. Hapa nguzo ni ya yakuti. Kadiri inavyorefuka ndivyo kijiti kinavyoteremshwa, ili kichwa cha nguzo kikae pale pale kwenye joto lake, na kichwa hicho daima kimeyeyuka na kimeviringana kama kuba. Nguzo hupanda kiasi cha sentimita moja kwa saa. Mwisho wake hupatikana gogo dogo la yakuti, lenye umbo la karoti iliyosimama juu ya ncha yake, na gogo zima ni fuwele moja.

Kufika mwaka 1907 mawe yaliyotengenezwa kwa njia hii yalifikia kilo 1,000 kwa mwaka. Bei yake ikaanguka, na yakuti za motoni zikaenea duniani kwa meli kama bidhaa nyingine yoyote. Kwa hiyo pete ya miaka ya 1940, iwe imenunuliwa Unguja, Mombasa au Bombay, yaweza kabisa kuwa na jiwe la namna hii. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, moyo ulianza kunidunda.

YAKUTI KATIKA SAA

Usidhani ya kuwa mawe haya yalitengenezwa kwa ajili ya kudanganyia watu. Fungua saa ya zamani ya mkono, ile ya kutiwa ufunguo, na mara nyingi utaona imeandikwa kwa Kiingereza ya kuwa ina vito 17. Vito hivyo ni yakuti ya motoni iliyotobolewa tundu jembamba, na ndani ya tundu hilo huzunguka ncha ya gurudumu. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs almasi ni 10 na yakuti ni 9, basi ncha ya chuma huweza kuzunguka humo miaka mingi bila ya tundu kupanuka. Fundi saa mmoja alinipa saa mbovu isiyotengenezeka, nami nikavitoa vijiwe vyake, ili niwe na yakuti ya motoni ya yakini, ya kulinganishia.

Tena tarehe 16 Mei 1960, huko California, Marekani, Theodore Maiman alitoa mwale wa kwanza wa leza duniani, na kiini cha mashine yake kilikuwa kijiti cha yakuti nyekundu ya kutengenezwa. Na leo taa nyingi za LED zinazotuwakia bwenini zimejengwa juu ya vipande vyembamba vya yakuti isiyo na rangi, iliyooteshwa viwandani. Siku hizi ziko na njia nyingine za kuotesha, kama ile iliyotokana na kazi ya Jan Czochralski wa Poland ya mwaka 1916, ya kuchovya mbegu ya fuwele katika kitu kilichoyeyuka na kuivuta juu pole pole huku inazungushwa.

KULIULIZA JIWE KWA MIZANI NA KWA NURU

Sasa nitayaeleza majaribio niliyoyafanya, moja baada ya moja.

La kwanza, mizani. Nililipima jiwe hewani, likawa gramu 0.84. Kisha nikalipima likiwa limening'inizwa majini kwa uzi mwembamba, likawa gramu 0.63. Tofauti ni 0.21, nao ndio uzito wa maji yaliyosukumwa. Ukigawa 0.84 kwa 0.21 wapata 4.0, yaani jiwe ni zito mara nne kuliko maji ya ukubwa wake. Yakuti ni 4.0. Kioo cha kawaida ni 2.5 hivi. Lakini mizani yetu yaweza kukosea kidogo, na iko aina ya garneti nyekundu, na viko vioo vyenye risasi, ambavyo uzito wake waikaribia yakuti. Kwa hiyo mizani peke yake haitoshi.

La pili, mafuta ya makonyo. Hapa yatupasa kujivunia karafuu yetu. Nuru ikitoka hewani na kuingia katika kitu, mwendo wake hupungua na njia yake hupinda. Kila kitu kina kipimo chake cha kupinda nuru: maji 1.33, mafuta ya nazi 1.45, mafuta ya makonyo 1.53, kioo cha dirisha 1.52, na yakuti 1.76. Vitu viwili vyenye vipimo vilivyokaribiana vikikutana, nuru hupita mpakani mwao kama kwamba hapana mpaka. Nikatia kipande cha kioo cha dirisha katika mafuta ya makonyo, nacho kikatoweka machoni, hata mwenzangu akadhani nimekitoa. Kisha nikatia jiwe la Bibi. Halikutoweka hata kidogo. Kingo zake zote zilionekana wazi. Basi halikuwa kioo cha kawaida. Ila nakuonya, usitumie sahani ya plastiki. Ya kwangu iliharibika ikawa na ukungu, na mafuta yale huwasha ngozi na macho. Tumia kioo, na unawe mikono.

La tatu, miwani. Iko miwani ya jua ya aina maalumu inayoondoa mmeremeto wa bahari. Kila kioo chake ni kichujio cha nuru. Nuru hutikisika pande zote, mfano wa kamba inayotikiswa, na kichujio huruhusu mtikisiko wa upande mmoja tu, kama kamba iliyopitishwa katikati ya mbao za ua. Ukiweka vioo viwili vya miwani hiyo kimoja juu ya kingine na kukizungusha kimoja robo duara, nuru yote huzibwa na huwa giza. Kisha tia kitu katikati. Kioo cha chupa kikitiwa, giza hubaki. Chembe ya chumvi, giza. Fuwele yangu ya shabu niliyoitunza siku 16, giza vile vile, nami nikasikitika. Lakini mpango wake wa atomu ni sawa kwa pande zote tatu, na nuru hupita humo bila ya kugawanyika. Chembe ya sukari ikitiwa, hung'aa, kwani katika sukari nuru hugawanyika mafungu mawili yenye mwendo mbalimbali, na sehemu yake hupenya kichujio cha pili. Kitu cha namna hiyo ukikizungusha duara moja, hung'aa mara nne na hufifia mara nne.

Garneti hubaki giza. Kioo hubaki giza. Yakuti hung'aa. Nikaliweka jiwe la Bibi uso wake juu, nikalizungusha. Giza. Nikaona kazi imekwisha, na ya kuwa Bibi amevaa garneti maisha yake yote. Mwalimu akanicheka, akasema, "Umelitazama upande mmoja tu." Nikakumbuka kuwa katika yakuti upo mwelekeo mmoja ambao nuru ikipita humo haigawanyiki. Nikalisimamisha jiwe kwa ubavu, nikalizungusha tena, nalo likang'aa na kufifia, mara nne kamili. Tena nilipotumia kioo kimoja tu cha miwani na kukizungusha, wekundu wa jiwe ulibadilika, mara ukielekea zambarau, mara ukielekea machungwa. Kioo na garneti haviwezi kufanya hivyo.

Basi swali la kwanza likajibika. Uzito 4.0, kipimo cha nuru kilicho mbali na kioo, kung'aa kwenye vichujio, na rangi mbili. Jiwe lilikuwa yakuti.

La nne, tochi ya noti. Ni ile tochi ndogo wenye maduka waitumiayo kukagulia fedha. Gizani, chini ya tochi hiyo, kromiamu iliyo ndani ya yakuti huwaka nyekundu kama kaa. Jiwe la Bibi liliwaka sana, sawa na vijiwe vya saa. Mara nyingi yakuti ya motoni huwaka zaidi, kwa kuwa ya ardhini aghalabu ina chuma, na chuma huupunguza mwako huo. Lakini ziko yakuti za ardhini zisizo na chuma kingi, nazo huwaka vizuri. Kwa hiyo hii ni dalili tu, haikati shauri.

La tano ndilo likatalo shauri. Kumbuka nguzo ya Bwana Verneuil, yenye kichwa kilichoviringana. Kila tabaka jipya lilitua juu ya kuba, kwa hiyo matabaka yote yamepinda. Yakuti ya ardhini hukua ndani ya mwamba ikiwa na nyuso bapa, kwa hiyo mistari ya kukua kwake hunyooka, na ikikutana hufanya pembe. Hakuna jiwe la ardhini lililokua kwa kuyeyuka tone juu ya tone, na kwa hiyo halina mistari iliyopinda. Yakuti zilizooteshwa kwa njia nyingine zaweza kukosa alama hii, na hizo hutaka maabara kubwa kuliko yetu. Lakini alama ikiwapo, haina mjadala.

Nikalitia jiwe katika mafuta ya makonyo ndani ya sahani ya kioo, ili mng'aro wa nje upungue na macho yaone ndani. Nikaweka taa chini yake na karatasi nyeupe katikati, nikatazama kwa hadubini kwa ukuzaji mdogo. Jioni ya kwanza sikuona kitu ila mikwaruzo ya juu. Jioni ya pili nililigeuza jiwe kidogo kidogo kwa kibano, nikiishusha hadubini ione ndani na si juu. Kiasi cha saa mbili za usiku, kabla ya kengele ya kujisomea, nikaiona: mistari myembamba, mingi, iliyopinda yote kwa pamoja kama mifuo ya santuri. Karibu yake palikuwa na viputo vitatu vya hewa, vya duara kabisa. Nikamwita Mwalimu. Akatazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Utamwambiaje Bibi?"

HABARI KAMA ILIVYO

Ijumaa nikapewa ruhusa, nikaenda nyumbani. Bibi alikuwa ameketi barazani. Baada ya shikamoo nikamweleza yote, toka mizani mpaka mistari, kwani sikuweza kuanzia mwisho. Akanisikiliza, akauliza, "Basi mama yangu alidanganywa?"

Nikamjibu ya kuwa nuru yaweza kusema jiwe lilivyokua, lakini haiwezi kusema maneno yaliyosemwa dukani siku ile. Pengine muuzaji alisema kweli, na bei ilikuwa ya kweli, kisha sisi tuliofuata tukasahau. Jiwe lenyewe si la uwongo. Ni yakuti kweli, ngumu kama yakuti, nyekundu kama yakuti. Uwongo huingia pale mtu anapoliuza la motoni kwa jina na bei ya la ardhini. Bibi akanyamaza, kisha akasema, "Basi uwongo huo usiingie kwa mkono wangu."

Mnunuzi akaambiwa. Hakukasirika, lakini hakurudi. Sonara akainunua dhahabu kwa uzito wake, na fedha ile ikatosha boriti mbili. Ya tatu imewekewa mwega mpaka sasa, na ami yangu huweka kidogo kila mwezi kwa ajili yake. Hajasema tena ya kuwa ingalikuwa bora tunyamaze, wala mimi sijamwuliza.

Siku hizi katika maduka ya vito ya Mji Mkongwe watu huuza na kununua mawe ya kila namna, na wengi wao ni waaminifu. Lakini mnunuzi na muuzaji wote wawili waweza kutojua, kama tulivyokuwa sisi kwa miaka mingi. Asiyejua na aulize, na kama hakuna wa kumwuliza, basi aliulize jiwe lenyewe. Lulu, marijani na feruzi usizitie katika mafuta kabisa, kwani huharibika. Na jiwe la mtu usilitoe katika pete mpaka kwa idhini ya mwenyewe na kwa mkono wa sonara.

Bibi hakutaka jiwe lirudi nyumbani. "Likae shuleni," alisema, "mahali wanapolijua." Sasa limo katika kabati la maabara, ndani ya kichupa, pamoja na vijiwe vya saa na fuwele ya shabu. Mwanafunzi yeyote atakaye kuiona mistari ile na aje Jumatano baada ya Alasiri. Aje na subira, kwani mimi ilinichukua jioni mbili.